Maji Yaliyoosha Kioo

Karatasi ya kwanza ilipopotea sikujali. Ilikauka vibaya na pembe yake moja ilishika vumbi, nikadhani upepo umeitoa dirishani na mbuzi wa kichochoroni wamekwisha kuitafuna. Ya pili niliitafuta hata chini ya mkeka. Ya tatu ilipopotea niliketi kitandani nikaanza kuwapitia watu niliowajua, mmoja baada ya mmoja, na hapakuwa na aliyesalimika.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba cha orofani kwa mama mmoja mjane, nyuma ya Ndia Kuu. Jamaa zake walitoka Arabuni zamani sana, hata mwenyewe hakuwa na hakika ni babu wa ngapi aliyeshuka pwani. Aliishi chini pamoja na binti yake, aliyekwisha kuposwa, na arusi ilikuwa ikingoja mfungo upite. Mimi nilikipenda chumba kile kwa ajili ya dirisha. Lilitazamana na ukuta wa nyumba ya pili, uliopakwa chokaa, hatua tatu tu kutoka hapo. Jua halikuingia kabisa, lakini lilipiga ule ukuta likarudi chumbani kama mwanga mweupe, mtulivu, tangu asubuhi mpaka alasiri.

Sikuwa mtu wa kukaa. Nilitoka chuo cha Kurani kabla sijahitimu, nikasukuma toroli za mabwana kwenda Kilindini, nikachukua mizigo forodhani, nikaifuata reli mpaka Voi nikibeba mataruma, kisha nikapika vibaya katika meli ya moshi miezi sita. Kila mahali nilifika na hamu ya kujua kulikoni, na nilipokwisha kujua niliondoka. Chumba kile kilikuwa mahali pa kwanza nilipoogopa kufukuzwa.

Kazi nilipata kwa Mhindi mmoja mwenye mtambo wa kupiga chapa. Alichapa matangazo, hati za mizigo na kadi za arusi. Yangu ilikuwa kuosha: herufi za risasi, rola, na kile kioo kinene ambacho wino ulitandazwa juu yake kabla ya kupakwa herufi. Siku moja nilikuwa nimekipitishia tambara kioo, sijakimaliza, karatasi ya mabaki ikaanguka juu yake. Nilipoibandua, njia zote lilizopita tambara zilikuwa zimehamia karatasini. Palikuwa na mistari iliyopinda, na mahali peusi kabisa, na mahali pa kijivu palipofifia polepole mpaka pakawa si kitu. Haikuwa picha ya mtu wala ya nyumba. Niliitazama mpaka tajiri akaniuliza kama amenitia kazini nitazame.

Alikuwa na kioo kingine kilichopasuka pembe, na wino uliokauka juu katika mikebe. Nikamwomba. Akanipa, kwa kuwa alikuwa akivitupa.

Kazi yenyewe ni nyepesi kueleza. Unatandaza wino mwembamba juu ya kioo. Kisha unauondoa, hapa kwa tambara, hapa kwa kidole, hapa kwa ncha ya ukindu au jino la kitana. Unalaza karatasi iliyotiwa unyevu, unaisugua kwa mgongo wa upawa wa kifuu, kutoka katikati kwenda nje, halafu unaibandua kwa pembe moja. Kioo kimoja hutoa karatasi moja tu. Ukilaza ya pili hupata kivuli cha ile ya kwanza, na ya tatu haipati kitu. Mara moja nilijaribu kuchora mnazi. Ukatoka mnazi. Nilijua utakavyokuwa kabla sijabandua, na kwa hiyo haukunipa raha yoyote. Nilichokitaka ni ile nukta ya kubandua wakati sijui. Zilizonipendeza nilizitundika kambani chumbani zikauke.

Kioo kilihitaji kuoshwa kila mara, kwanza kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni na maji. Mwenye nyumba alinikuta ngazini nimechukua bakuli la maji meusi.

"Maji gani hayo, mwanangu?"

"Ya kuoshea kioo, mama."

"Kioo kina nini?"

"Kina wino."

"Na huo wino umeandika nini?"

"Haukuandika kitu."

Akanitazama kama mtu anayepima kitambaa dukani. "Usiyamwage mlangoni pangu," akasema. Nikayamwaga chooni. Aliposikia nimeyamwaga chooni, hakunisemesha siku mbili.

Nilipaswa kulifahamu jambo hilo, maana nimezaliwa mji ule ule. Kwetu mtu akiugua, huletewa kombe: sahani nyeupe imeandikwa aya kwa zafarani, ikaoshwa kwa maji ya mawaridi, na yale maji mgonjwa akayanywa. Maji yaliyoosha maandiko si ya kumwagwa popote, seuze chooni. Kwa mama yule mambo yalikuwa mawili. Ama niliandika la heri nikalidharau, ama niliandika la shari nikawa nalificha. Kwamba sikuandika lolote halikumjia, na nikimfikiria sasa sioni kwa nini lingemjia.

Tena nilikuwa na jina baya la zamani. Nilipokuwa chuoni tuliandika juu ya mbao, kwa wino wa mchele uliounguzwa, na tulipokwisha kuhifadhi tuliziosha tukaanza upya. Siku moja ubao wangu ulikuwa bado mbichi, nikaukandamiza ukutani, kwenye chokaa mpya, nione kutatokea nini. Ilitokea aya nzima, imegeuka, inatoka kushoto kwenda kulia. Nilifurahi sana. Mwalimu hakufurahi. Alinipiga, akaufuta ukuta kwa mkono wake huku akiomba msamaha kwa Mungu kwa sauti, kwa kuwa anayeiandika aya kinyumenyume hutaka jambo lisilosemwa. Sikurudi chuoni tena. Na sasa, baada ya miaka mingi, mji wote ulijua nafanya kazi mahali ambapo herufi zote zimepangwa kinyumenyume.

Karibu na siku ilipopotea karatasi ya pili, binti yule alishikwa na homa. Ilikuja ikaondoka ikarudi. Chakula alikikataa. Sahani ya wali niliyozoea kuletewa Ijumaa haikupanda tena. Nilipopita barazani kwa jirani, mazungumzo yalikatika, na salamu yangu ilijibiwa na mtu mmoja badala ya watano. Niliona hayo yote, lakini sikuyaunganisha na karatasi zangu. Mimi nilikuwa na shughuli ya kumtafuta mwizi.

Mtu wa kwanza niliyemshuku alikuwa mpanga herufi wa kazini kwetu, kwa sababu alikuwa amepanda chumbani kwangu mara mbili na kutazama kwa muda mrefu. Nilidhani anazipeleka kwa tajiri, aziuze. Nikamvizia wakati wa kula.

"Karatasi zangu umezipeleka wapi?"

"Zipi?"

"Wazijua."

Akafuta mdomo. "Yakhe, nikuibie uchafu? Nikitaka uchafu si ninao huu wa kwangu?" Akanionyesha viganja vyake, vyeusi mpaka kwenye vifundo. "Mwenye kuiba zile ni wa kuhurumiwa. Ukimpata niite, tumpeleke kwa tabibu."

Sikumwamini. Ya nne ilipopotea nayo, nilikata shauri nitege. Nilinunua unga wa ngano kidogo, nikaunyunyiza mlangoni kwa ndani, mwembamba sana, nikaenda kazini. Niliporudi karatasi ya tano ilikuwa imetoka kambani, na ungani palikuwa na alama zilizo wazi kama chapa: vipande viwili vya mti, cha mbele na cha nyuma, vikienda na vikirudi. Ilikuwa mitawanda, viatu vya mti. Katika nyumba ile mwenye kuvaa mitawanda alikuwa mmoja, na kila siku niliisikia ikigonga sakafu ya chini tangu alfajiri.

Niliketi nikazitazama alama zile. Nilitegemea kukasirika, lakini niliingiwa na hofu. Mpanga herufi angeiba ili auze. Mama huyu aliziiba za nini?

Sikupata nafasi ya kumwuliza. Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, sauti yake ilipanda ngazini. "Bwana, teremka. Na hicho kioo chako teremka nacho." Zamani alikuwa akiniita mwanangu.

Ukumbini, juu ya mkeka, alikuwa ameketi mwalimu wangu wa chuo. Ndevu zilikuwa zimegeuka nyeupe, macho yalikuwa yale yale. Mbele yake zilitandazwa karatasi zangu nne, zimewekewa vikombe zisipeperuke, na mkononi alishika kioo cha kujitazamia. Mwenye nyumba alikuwa nyuma ya pazia la mlango wa ndani. Chini ya pazia niliziona ncha za mitawanda.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaa. Wanijua?"

"Nakujua."

"Nami nakujua. Weye ndiwe wa ukuta."

Akainua karatasi moja akaielekeza kwenye kioo. "Nimezisoma hivi. Nimezisoma juu chini. Hapa pana kitu kama herufi ya lamu. Hapa pana kitu kama wau, lakini imevunjwa shingo. Na hivi vistari, vingi, vimepangana, ni nini?"

"Ni jino la kitana, mwalimu."

"Kitana cha nani?" pazia likauliza.

"Changu."

"Weye una nywele gani za kuchana?"

Kweli, nilikuwa na upara tangu ujana. Mwalimu aliangalia chini, na nadhani alizuia kicheko. "Nilikiokota, mama," nikasema.

"Alikiokota," pazia likarudia polepole, kama mtu aliyepata alichokitaka. Kitana kilichookotwa kina nywele za mtu.

Mwalimu akaiweka karatasi chini. "Nambie tu zasema nini."

"Hazisemi kitu."

"Mtu mzima akae kutwa akifanya kitu kisichosema kitu?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Nataka kuona kitakachotoka."

Nilipojisikia nikilitamka hilo, hata mimi nililiona kama uongo. Kutoka chumba cha ndani binti alikohoa.

Halafu mkono ulitoka chini ya pazia ukasukuma bakuli. Nililitambua, lilikuwa langu, na maji yalikuwa ya asubuhi ile, niliyoyaacha juu nikachelewa kuyamwaga. "Mwalimu," mama akasema, "kombe la heri hunywewa. Kama halikumwandika mwanangu kwa ubaya, na alinywe. Yeye aliyeliandika anywe mbele yetu, tujue."

Mwalimu akanitazama. Lilikuwa jambo la haki, kwa kadiri walivyoliona. Nikalishika bakuli. Juu ya maji palielea rangi za mafuta ya taa, na harufu yake ilinipanda kichwani.

"Maji haya yana mafuta ya taa, mama. Nikiyanywa yataniua."

"Wamwona," pazia likasema. "Hataki."

"Si kwamba sitaki."

"Yana sumu kwake aliyeyafanya. Basi kwa mwanangu je?"

Mwalimu hakupandisha sauti. "Kama hunywi," akasema, "utaondoka kwa mama leo. Na mimi watu wataniuliza, nami sitaongeza neno. Nitasema nilimpa anywe, akakataa." Nilijua maana yake. Hapangekuwa na nyumba ya kunipokea mji ule, si mimi tu na kioo changu, hata mimi peke yangu. Na tajiri asingemweka mtu kama huyo karibu na kadi za arusi za watu. Mara nyingi nilikuwa nimeondoka mahali. Sikuwa nimewahi kuondolewa. Nilililazia macho lile bakuli, na kwa muda nilifikiri kwamba huenda mafunda mawili yasiue mtu.

Iliyoniokoa ni harufu yenyewe, kwa kuwa ilinikumbusha wino mwingine, usionuka hivyo.

"Mwalimu, wino wa chuoni tulikuwa tukiuramba."

"Mkiuramba, ndiyo. Mkirudi kwenu midomo myeusi, na mama zenu wakija kuniuliza mimi."

"Nipe wino huo. Nifanye hapa, mbele yako. Kioo ukioshe weye kwa mkono wako. Nikimaliza nitayanywa maji yake yote."

Akafikiri. Pazia likatangulia kujibu. "Na kitana?"

"Hapana kitana."

Mchele uliungulia jikoni mpaka ukawa makaa, nyumba nzima ikanuka wali uliosahauliwa. Mwalimu aliusaga mwenyewe, akatia maji na gundi, hakutaka niuguse. Kioo alikisugua kwa jivu na ndimu, akakinusa mara tatu, akakifuta kwa kilemba chake. Karatasi ilikuwa yake. Upawa ulitoka jikoni, ukapita chini ya pazia. Nilikosa kifaa cha kuchorea, basi nikachomoa uzi wa ukindu uliokuwa umechomoza pembeni mwa mkeka.

Wino wa mchele haukai juu ya kioo kama wino wa mafuta. Ulikimbia. Ulikusanyika matone matone, ukaacha mahali peupe ambapo sikupataka, na nilipoufuata kwa kidole ulikwenda kwingine. Niliuvuta kwa ukindu, nikaupulizia pumzi, nikauacha, nikaurudia. Sijui nilikaa muda gani. Nilisahau walikuwapo. Nilipolaza karatasi na kuisugua, nilisikia mwalimu amesogea karibu, goti lake likagusa ukingo wa kioo.

Nikabandua.

Rangi yake ilikuwa ya kahawia, si nyeusi. Wino ulikuwa umetuama katika vidimbwi, na kila kidimbwi kilikauka kikawa na ukingo mwembamba kama wa maji yaliyokupwa. Alama ya dole gumba langu ilionekana pembeni, na ule ukindu ulikuwa umepita katikati mara moja tu. Mwalimu aliitazama bila kuichukua. Pazia lilifunguka upana wa vidole viwili, likajifunga.

Akamimina maji juu ya kioo mwenyewe, taratibu, yakashukia bakulini. Nikayanywa yote. Yalikuwa machungu kidogo, yenye ladha ya ukoko na gundi, ladha ya kuwa na miaka minane na ubao mapajani. Nilikuwa nimesahau kwamba zamani niliipenda.

Kisha tukakaa, wao wakiningoja nione mabaya. Ilikuwa ngoja ndefu. Nilihisi tumbo langu likitazamwa. Adhana ya alasiri ilisomwa, mwalimu akaenda kusali, akarudi, akanikuta nilipo. Ncha za mitawanda hazikuwa zimesogea.

"Yu mzima," akasema.

"Mpaka sasa," pazia likajibu.

Akanirudishia karatasi tatu. Ya nne, yenye jino la kitana, aliichana vipande vidogo akavitia mfukoni, akavichome kwake. Ile mpya aliikunja akaitia katika mkono wa kanzu.

"Inasema nini, mwalimu?" nikamwuliza.

"Haisemi kitu," akasema upesi, akavaa viatu. Alikuwa mtu wa kujibu polepole siku zote. Tangu hapo nami nimemshuku.

Siku ya tatu binti aliomba uji. Homa ile ilikuwa ya kuja na kuondoka, na mimi sikusema neno. Ijumaa sahani ya wali ilipanda. Hapana aliyeniomba radhi wala aliyenieleza kitu, na kila nilipoteremka na bakuli langu, mama alikuwa amesimama mwisho wa ngazi, anashughulika na jambo lisilohitaji kushughulikiwa. Nilikuwa nikisita mbele yake, nikanywa funda moja, nikapita. Ndiyo sababu mikebe ya wino wa mafuta niliirudisha kwa tajiri tangu siku ile. Nilichapa kwa mchele uliounguzwa, na baadaye kwa magome na majani ya chai, kila kitu ambacho ningeweza kukinywa nikitakiwa. Kazi zangu za kahawia zote zimetoka hapo. Sikuzichagua rangi hizo kwa ajili ya uzuri wake.

Jambo moja lilinisumbua. Karatasi zilizopotea zilikuwa tano, na mkekani ziliwekwa nne. Iliyokosekana ni ile ya kwanza. Niliwarudia mbuzi, nikawashuku tena.

Mfungo ulipita na arusi ikawa. Sanduku la bibi arusi lilikuwa zito, la mti wenye misumari ya shaba, na mimi niliitwa kusaidia kulitoa. Nilishika upande wa nyuma. Katika kupinda mlangoni lilikwama, kifuniko kikainuka kidogo, na ndani, chini ya kanga zilizokunjwa zenye harufu ya udi, niliona pembe ya karatasi. Ilikuwa nyeusi na kijivu, imeshika vumbi lililokaukia ndani ya wino.

Sikujua ni nani aliyeitia humo. Huenda ni binti, aliyepanda chumbani kwangu peku kabla ya mtu yeyote kunishuku. Huenda ni mama, kwa ajili ya kinga, au kwa ajili ya jambo jingine kabisa. Nilikishusha kifuniko kwa kidevu, maana mikono yote miwili ilikuwa na mzigo.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, mitawanda miguuni.

"Umeona nini?" akaniuliza.

"Sikuona kitu, mama."

"Haya, mwanangu. Shika vizuri."